Mara ya Tatu Hakuniuliza

Jumamosi, 13 Septemba

Dada Munevera, nisamehe. Daftari hili ulinipa Agosti pale kituo cha basi cha Zenica, ukaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu kwenye simu huwa nasema "tuko sawa" nawe huniamini tena. Limelala juu ya kabati wiki tano. Mara mbili nililifungua, mara mbili Nejra akaamka. Safari nyingine nilisinzia nimeketi, kalamu ikachora mstari mrefu kwenye kitambaa cha meza cha mama mkwe. Hajanisamehe bado. Wewe nisamehe kwanza.

Naanza leo. Mwaka ukielekea kuisha nitampa Rifet, dereva wa basi la Graz, akuletee pamoja na mitungi ya pilipili.

Mambo yenyewe unayajua nusu. Tumechukuliwa wahitimu sita kwa majaribio, Septemba hadi mwisho wa Novemba. Kampuni inauza fanicha Austria na Ujerumani, na sisi tuko hapa Zenica, ghorofa ya tatu, tunapokea simu za watu waliokasirika. Mwishoni mmoja wetu atapewa mkataba wa kudumu na kusimamia meza ya Kijerumani. Watano tutashukuriwa na kurudishwa nyumbani. Nikishukuriwa, nitakuja kusafisha vyumba kwenye hoteli unayofanyia kazi huko Austria, milimani, peke yangu kama ulivyosema, na Nejra atabaki na bibi yake hadi theluji iishe, mwezi wa nne. Nilikujibu "sawa". Nejra ana miaka miwili na nusu. Anajua kusema "mama kazi" na kuonyesha mlango.

Mume wangu Fuad hajapiga simu tangu alipoondoka kwenda Slovenia, mwaka wa pili sasa. Mama yake hamtaji.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya Selvedina. Kila Jumatano huja kwa treni kutoka Sarajevo kutufundisha wanachokiita stadi laini. Mama mkwe aliposikia jina hilo alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Laini kama nini, binti? Kama jibini? Miaka minne ya chuo kikuu, sasa unafundishwa kutabasamu?"

Ni kweli. Kila meza ina kioo kidogo, ujitazame unapoongea, maana Selvedina anasema tabasamu husikika kwenye simu. Leo alitusimamisha mmoja mmoja: taja mambo matatu unayoyaweza vizuri. Mwenzetu Ognjen alitaja saba. Mimi nikasema, "Hayo waseme wengine." Wenzangu wanne wakakubali kwa vichwa, wameelewa. Selvedina akaandika ubaoni: Belkisa, kusikiliza tano kati ya tano, kujieleza mbili.

Nilimaliza uchumi kwa alama nzuri, dada, unajua. Lakini miaka yote minne hakuna aliyewahi kuniuliza ninaweza nini. Tulinakili, tukakariri, tukarudisha kwenye karatasi kama tulivyopewa. Aliyekaa kimya nyuma ndiye aliyesifiwa kuwa na adabu.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua.

Jumapili, 21 Septemba

Leo tumechoma pilipili hoho nyekundu uani, mama, mimi na jirani Fahra, magunia matatu. Vidole vyangu vinawaka hata sasa ninapoandika, Nejra amelala mchana na ana doa jekundu kwenye paji la uso nilipomgusa.

Tulipomaliza, Fahra akatuingiza kwake. Akatoa mkate wa mchicha uliokunjwa, moto, siagi inameremeta. "Karibu, Belkisa, chukua." Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikachukua.

Mama alinifinya chini ya meza hadi nikaruka. Fahra akajifanya hakuona. Njiani mama akaanza.

"Umefunga mwaka mzima, wewe? Watu watasema mimi, Hatidža, simlishi mkwe wangu!"

"Mama, nilikuwa na njaa."

"Nani hana njaa? Mtu unakataa mara ya kwanza. Unakataa mara ya pili, polepole. Ya tatu unapokea na kusema 'basi, kwa ajili yako'. Hata paka wetu anajua."

"Paka wetu alikula samaki wa Fahra mezani."

"Ndiyo maana hatumwaliki," akasema, na akanipita kwa hatua ndefu. Lakini nilimwona mabega, alikuwa anacheka.

Jumanne, 30 Septemba

Mteja mmoja wa Salzburg ameniuliza nilijifunza wapi Kijerumani. Nikamwambia ukweli: kwa katuni za televisheni, mimi na dada yangu, kila asubuhi kabla ya shule. Akacheka sana. "Ndiyo maana unaongea kama yule sungura!" Kisha akakubali kusubiri meza yake wiki mbili zaidi. Unamkumbuka sungura?

Jumatano, 1 Oktoba

Kujieleza: mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Kujieleza: mbili. Selvedina anasema nikiulizwa nimefanya nini niseme "mimi", nisiseme "sisi". Nikamwambia "sisi tutajaribu". Hakucheka.

Na huyu Ognjen, dada, ananichosha. Amezaliwa Linz, amerudi hapa akiwa na miaka kumi na mitano, na hana haya hata kidogo. Leo wakati wa mapumziko Bwana Holger, meneja wetu Mwaustria, alileta burek, ule mkate wa tabaka wenye nyama, kwa wote. Kikabaki kipande kimoja. Bwana Holger akauliza, "Nani anakitaka?" Sote tukatazama chini kama watu wenye adabu. Ognjen akasema "Mimi", akala. Hata samahani hakusema. Mdomo umejaa ananiambia, "Nini? Si ameuliza?"

Nikamwambia mama. Mama akasema, "Masikini, hakulelewa."

Jumapili, 12 Oktoba

Ulipiga simu leo. Uliuliza, "Mnahitaji kitu?" Nikasema, "Hapana, dada, tuna kila kitu." Ukasema, "Haya basi, vizuri," ukaanza habari za wageni wa hoteli waliosahau mbwa chumbani.

Sikuwa nakulaumu, nilicheka na wewe. Lakini wakati naongea nilikuwa namfunga Nejra mifuko ya plastiki juu ya soksi, kwa sababu kiatu cha kulia kimetoboka kidole gumba na barabara yote ya mtaa wetu ni madimbwi. Umekaa huko miaka tisa. Siku hizi unauliza mara moja tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Makaa ya mawe yamefika. Yamemwagwa mbele ya geti, tumeyabeba kwa ndoo, mama na mimi, tangu nilipotoka kazini hadi giza lilipoingia. Mama ana miaka sitini na nane na ananishinda. Sina mikono ya kuandikia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nataka kuandika hili vizuri.

Saa nne asubuhi imeingia simu ya mzee wa Klagenfurt. Ameanza kwa kupiga kelele hata kabla sijataja jina langu. Kitanda chake kimefika bila mguu mmoja. Amepiga simu mara sita, kila mara anaambiwa asubiri. Akatutukana wote, na nchi yetu, na aliyetuweka kwenye kiti. Kwenye kioo niliona uso wangu umekuwa mwekundu. Sikutabasamu. Selvedina angenipa sifuri.

Nikamwacha. Nejra akijitupa sakafuni simwambii nyamaza, nakaa chini karibu naye hadi pumzi imuishie. Pumzi ya mzee ilipomwishia nikasema, "Najua. Umechoka. Unalala wapi sasa?"

Akasema, "Sakafuni."

"Mgongo?"

"Mgongo ndio huo, unauma." Akasema kitanda cha zamani alikitoa nje kwa sababu mkewe alifia humo, mwezi wa nane. Alitaka kitanda kipya kabla ya baridi.

Sikumwambia maneno ya karatasi tuliyopewa. Nikamwambia, "Basi tuanze na huo mguu. Leo tulale juu ya kitu. Una vitabu vizito?" Alikuwa navyo. Akaviweka chini ya pembe ile, mimi nasubiri, nasikia anavyohema na kusogeza. Akarudi. "Kimesimama," akasema, kama mtoto. Nikapiga simu ghalani, nikapiga tena, mguu unaondoka kesho kwa gari la asubuhi.

Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akasema, "Belkisa, unaongea kama sungura wa televisheni," na akakata.

Nilikwenda chooni nikaosha uso. Sijui nililia kwa ajili yake au kwa ajili ya nani.

Jumatano, 29 Oktoba

Bwana Holger ameiweka simu ile tuisikilize wote. Mazungumzo yetu yote hurekodiwa, nilikuwa nimesahau. Nilitamani sakafu ifunguke. Selvedina alisikiliza amefumba macho. Ilipoisha akasema, "Haya siwezi kuyafundisha. Belkisa, uliyatoa wapi?"

"Kwa mtoto," nikasema.

"Sema 'ninajua kutuliza watu'."

"Sisi wazazi wote tu..."

"Belkisa!"

"Ninajua," nikasema. Sauti haikutoka yote.

Kujieleza: mbili na nusu. Hiyo nusu nimeibeba nyumbani kama yai.

Jumatano, 5 Novemba

Ukungu wa moshi umeshuka. Huwezi kuona mtaa wa pili. Kila jiko la mji huu linafukiza makaa juu ya vichwa vyetu na milima imeziba pande zote. Koo linakwaruza.

Kujieleza: mbili na nusu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nejra anakohoa.

Jumanne, 11 Novemba

Anakohoa.

Ijumaa, 14 Novemba

Juzi sikwenda kwa Selvedina, na jana nilichelewa. Homa ilipanda hadi macho yake yakawa ya kioo. Mama ndiye aliyembeba hadi zahanati, amemfunga kifuani chini ya koti lake kubwa, asivute ule moshi, nami nyuma na begi. Daktari akasema mapafu, dawa siku saba, na asitoke miguu ikiwa imelowa. Akatazama viatu. Mama akatazama viatu. Mimi nikatazama ukuta.

Nje mama akasema, "Dada yako alipouliza, ulimjibuje?"

"Kwamba tuna kila kitu."

"Vizuri," akasema. Tukatembea. Baada ya daraja akasema tena, kwa sauti nyingine, "Aliuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

Tukafika nyumbani. Alivua skafu yake ya sufu, akaikata kwa mkasi vipande viwili, akavishona ndani ya kile kiatu.

Nilikuwa namwona mkali, dada. Miaka minne nimeishi naye nikihesabu maneno yake makali. Sijui kwa nini sikuwa nahesabu mengine.

Jumatano, 19 Novemba

Nejra anakula. Alhamdulillahi.

Kazini wanasema nimebaki mimi na Ognjen. Wengine wameshaanza kutafuta mahali pengine. Yeye ni mwepesi wa kompyuta, mimi wateja wananitaka kwa jina. Mzee wa Klagenfurt ametuma kadi yenye picha ya ziwa, ameandika "kwa Belkisa".

Bado siku saba za kazi. Nikipata, nitalala na kuamka karibu na mtoto wangu. Nisipopata, mwezi wa nne atakuwa ameanza kuongea vizuri na mimi sitakuwa nimesikia lolote. Naandika hivi ili nisijifanye ni kitu kingine.

Jumatano, 26 Novemba

Nimeitwa! Naandika hapa kituoni, vidole vimeganda, lakini siwezi kusubiri.

Bwana Holger alifunga mlango. Mbele yake kulikuwa na jalada la bluu. Akasema, "Belkisa, ningependa wewe usimamie meza ya Kijerumani. Mkataba wa kudumu, kuanzia Jumatatu. Unataka?"

Moyo, dada! Nilishika kiti. Nikasema kama mtu aliyelelewa, "Asante sana, lakini hapana, mimi bado. Wapo wanaostahili kuliko mimi."

Akakunja uso kidogo. "Una hakika?"

Hiyo ya pili. Nikasema, polepole kama anavyofundisha mama, "Sipendi kuwasumbua." Nikatazama chini, nikauweka ulimi tayari.

Akatazama jalada lake. Kisha akafunga jalada, akasema, "Naheshimu uamuzi wako," akasimama kunifungulia mlango.

Nadhani alitaka kufikiri jinsi ya kuniambia. Wenzetu hawa hawana haraka. Kesho ataniita tena. Nimenunua chungwa moja kwa ajili ya Nejra.

Alhamisi, 27 Novemba

Hajaita. Nimepita mbele ya mlango wake mara nne, mara moja na makaratasi.

Ijumaa, 28 Novemba

Saa tatu asubuhi alitukusanya. Akatushukuru. Akasema meza ya Kijerumani itasimamiwa na Ognjen.

Nilisikia watu wakipiga makofi, na mikono yangu nayo ikipiga. Nikavua vile vya masikioni, nikavikunja waya vizuri. Nikatoka hadi ngazini. Selvedina alikuwa anapanda, amekuja kwa sherehe ya kufunga, keki mkononi.

"Mbona hivi? Umelia?"

"Amepewa Ognjen."

"Ndiyo, nimesikia. Holger aliniambia Jumanne kwamba ni wewe. Jana akanipigia, anasema umekataa, amesikitika. Nikadhani mtoto, au umepata pengine."

"Sikukataa!"

"Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema wapo wanaostahili. Akauliza tena. Nikasema sipendi kuwasumbua." Nikashika ukuta. "Nilikuwa nasubiri."

Selvedina akanitazama. "Aliuliza mara ngapi, Belkisa?"

"Mbili."

Akaketi pale pale ngazini, na keki yake, na koti lake zuri la Sarajevo kwenye vumbi. "Yarabi," akasema. "Yarabi, mimi mjinga. Wiki kumi na mbili nakufundisha kutabasamu. Vioo nimewawekea! Na hili sikulisema, kwa sababu kwangu nalo ni kama kupumua. Nyumbani kwangu hata maji naulizwa mara tatu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza safari ya Vienna hivi hivi. Nikasahau. Mtu anasahauje?"

Nilidhani ni mwanamke wa vioo tu, dada. Akanishika mkono, akasimama. "Twende ukamwambie."

"Nimwambie nini? Nimwombe? Sasa? Nitaonekanaje?"

"Utaonekana unataka kazi. Nenda. Siingii nawe, ukaseme mwenyewe. Na useme 'mimi'."

Niligonga. Nikasimama katikati ya chumba. Nikasema, "Bwana Holger, Jumatano nilisema hapana. Mimi nilimaanisha ndiyo. Kwetu mtu akipewa kitu kikubwa anakataa mara mbili, ili asionekane mlafi. Ya tatu anapokea. Mimi nilikuwa nasubiri ya tatu. Ninaitaka kazi hii. Ninajua kutuliza watu, ninajua Kijerumani, na ninajua wateja wako wananitaka. Niliitaka tangu siku ya kwanza."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kuhusu mimi.

Akasogeza kiti chake nyuma. Kisha akasema, taratibu, "Miaka minne niko hapa. Nawauliza watu kahawa, wanasema hapana, naondoa vikombe." Akafunika uso kwa mikono. "Miaka minne."

Tungecheka, siku nyingine.

Akaniambia Ognjen ametia sahihi jana jioni. Nafasi ni moja, hana ya pili, ameuliza makao makuu mbele yangu kwa simu, nimesikia wakimkatalia. Yeye walimkatalia mara moja na akakubali. Hivyo ndivyo wanavyoishi.

Nilikuwa nageuka kuondoka nikasimama. Nikasema, "Basi nataka barua. Iandikwe leo. Iseme nilifanya nini, mimi, si sisi. Iseme habari ya Klagenfurt. Na jina langu liandikwe sawasawa." Akaiandika nikiwa nimesimama. Kurasa mbili, na mhuri.

Ognjen alinifuata hadi chini na kioo changu kidogo, nilikisahau mezani. "Dada, wallahi sikujua. Nilidhani hutaki. Ningejua, ningemwambia akuulize tena." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimchukia wiki saba kwa kusema "mimi" mbele ya burek. Nikachukua kioo. Nikamwambia, "Mzee wa Klagenfurt akipiga, usimkatize." Akasema sawa.

Jumapili, 30 Novemba

Sikuandika jana. Jana nililala chini, kando ya kitanda cha Nejra, nimeshika mguu wake. Ana mguu mdogo hivi. Mama aliingia mara mbili, akatoka. Leo ameketi.

Nikamwambia yote, pamoja na ile "sipendi kuwasumbua". Nilitegemea atanigombeza. Aligeuka rangi.

"Ni mimi," akasema. "Nilikufinya kwa mkate wa mchicha."

"Mama, si wewe."

"Nani basi? Aliyenifundisha mimi? Alikwisha kufa." Akavuta uzi kwenye sketi yake, akaukata kwa meno. "Sasa utakwenda huko milimani, kusafisha vyumba, na huyu abaki?"

"Ndivyo alivyosema dada."

"Wewe unataka hivyo?"

Nilifungua mdomo kusema "kama haitakusumbua". Nikaufunga.

"Hapana," nikasema. "Nataka kwenda naye. Na sitaki kusafisha vyumba."

"Mpeleke," akasema mama. Mara moja tu, dada, bila kusubiri. Kisha akasimama haraka akaenda kugeuza makaa ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Baadaye nikamwambia, "Nawe uje, tukishatulia."

"Mimi? Hapana. Nani ataangalia nyumba."

Nilimwacha anywe kahawa yake. "Mama, uje."

"Nitawasumbua bure."

Hizo ni mbili. Ya tatu nitamwuliza kutoka huko, nikiwa na chumba. Yeye najua namna ya kumwuliza.

Jumatano, 3 Desemba

Theluji ya kwanza. Imeusafisha moshi, milima inaonekana. Nejra ameshika dirisha kwa mikono miwili.

Rifet anaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Daftari hili litakuwa chini ya kiti chake, ndani ya mfuko wa mitungi sita, na nakala ya barua ya Bwana Holger nimeibana nyuma. Soma barua kabla ya yote, kisha umpelekee mwenye hoteli. Rifet harudi hapa hadi Jumatano ijayo, kwa hiyo una siku za kutosha. Nilikuambia hatuhitaji kitu. Haikuwa kweli. Ninavyohitaji ni hivi:

Viatu vya theluji vya Nejra, namba 24, vyenye manyoya ndani. Usilete 23 ukidhani bado ni mdogo.

Vyangu, 38. Vilivyovaliwa havina neno.

Dawa ya kifua ya watoto, ile ya majani uliyonipa nikiwa na mimba, chupa mbili.

Soksi ndefu za sufu za mama, nyeusi. Ukimwuliza atasema anazo. Usimsikilize, tuma.

Karatasi ya ajira kutoka hoteli, yenye kazi ya mapokezi, si vyumba. Waambie mdogo wako anaongea kama sungura na anatuliza wanaopiga kelele. Wakikataa, nataka kusikia wamekataa kwa maneno yao.

Karatasi ya mwaliko yenye majina mawili. La pili ni Nejra.

Vipimo vya ukuta ule wa chumba chako chini ya dirisha, nijue kitanda cha mtoto kitaingia au tutalala pamoja.

Na jibu lako, dada: nije na Nejra? Ndiyo au hapana. Nakuuliza mara hii moja.